Friza ya Mama Mchungaji

Mtu aliyenifundisha kwamba kiazi kibichi hakigandishwi alikuwa Mama Mchungaji, na alinifundisha kwa kunifokea mbele ya wanawake wenzangu. Nilikuwa mgeni kanisani, nataka nionekane mchapakazi. Nilikuwa nimekata nusu ndoo ya viazi, nikavimimina kwenye mfuko wa plastiki, nikapiga fundo, nikafunua friza. Akanidaka mkono.

"Kigoma! Unataka kutulisha makaa?"

Akalifungua fundo langu kwa meno, akavirudisha viazi vyote kwenye beseni la maji, kisha akanisimamisha kando ya sufuria kama mtoto wa darasa la kwanza mpaka maji yalipochemka. Akasema kiazi kibichi kikigandishwa kinatoka cheusi, laini kama sifongo, na hakuna mafuta wala chumvi itakayokirudishia heshima.

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nilitoka Kigoma, basi nikawa Kigoma. Nami sikuwahi kumwita kwa lake. Kanisa letu lilikuwa Yeoville, hapa Johannesburg, ghorofa ya juu ya jengo lenye maduka chini, na waumini karibu wote walikuwa Wakongo, isipokuwa mimi na Warundi wachache. Mumewe ndiye aliyekuwa mchungaji. Kwa hiyo yeye alikuwa Mama Mchungaji, kwa wazee na kwa watoto. Jina alilobatizwa nalo nililisikia baada ya miaka mingi, kwa mtu mwingine kabisa, na sitaliandika hapa kwa sababu si yeye aliyenipa.

Walikaa Bellevue, kwenye mojawapo ya zile nyumba kubwa za zamani zenye sakafu ya mbao ambazo siku hizi kila chumba ni familia. Wao walikuwa na vyumba viwili vya mbele na baraza iliyozibwa kwa mbao. Barazani ndipo ilipokaa friza, nyeupe, ndefu, ile ya kufunua kwa juu. Ilinunuliwa kwa michango ya kanisa na kuwekwa kwake kwa sababu kanisani hakukuwa na mahali pa kuiweka. Kila Ijumaa asubuhi pikapu ya mzee mmoja wa kanisa ilirudi kutoka soko la jumla la City Deep na magunia ya viazi, na sisi wa idara ya wanawake tulikaa barazani kwake na visu hadi mchana.

Kazi ilikuwa na mpango wake na hakuna aliyethubutu kuupindua. Kwanza kuchagua: chenye kijani kando, kilichoota macho kando. Halafu kumenya, kukata vipande vinavyolingana, kuvitia majini, kumwaga, kuvitia tena, mpaka maji yasiwe meupe. Halafu sufuria. Alivihesabia viazi dakika nne kwa saa ya ukutani, akavichota na kuvitupa kwenye beseni la maji ya barafu ili visiendelee kuiva. Halafu kitambaa. Hapo kwenye kitambaa ndipo alipotutesa. Alitaka kila kipande kikauke, na tulipochoka tukaanza kupapasa tu juu juu, alipita nyuma yetu akigusa kwa kidole. "Huyu bado analia. Pangusa." Vikikauka vilitandazwa kwenye trei bila kugusana, vikaingia friza hivyo hivyo, na baada ya saa chache, vikiwa vigumu kama kokoto, ndipo vilipotiwa mifukoni na hewa ikakamuliwa. Aliandika tarehe juu ya kila mfuko kwa kalamu nene nyeusi.

Siku moja Mrundi mmoja aliyekuwa na ulimi mwepesi akamuuliza kwa nini tujitaabishe hivyo, kwa nini tusikate viazi Jumapili asubuhi, tupike, tule, basi.

Mama Mchungaji hakuacha kumenya. "Kule kwetu Bukavu mama banasikiaka Neno kupitia dirisha ya jikoni," akasema. "Bwana Yesu anaubiriwa huku, na wao banachoma vidole kule. Mi nilisema, nikiwa na kanisa, mama bote bataketi kwenye viti. Ijumaa tunafanya kazi. Jumapili tunaketi."

Na kweli tuliketi. Ibada ikiisha, mafuta yalikuwa tayari yamepata moto kwenye jiko la gesi la nyuma, viazi vikatumbukizwa vikiwa barafu tupu, vikapiga kelele, na baada ya muda mfupi watu wote, mia na zaidi, walikuwa na sahani. Wengine, vijana waliolala macho getini kwenye malindo, walikuja kwa ajili ya sahani ile tu, na hakuwahi kumwuliza mtu kama alisikia mahubiri. Ila yeye mwenyewe hakuketi hata Jumapili moja. Katikati ya mahubiri alinyanyuka polepole, akajifunga kitenge vizuri, akapita kando ya ukuta kwenda kuwasha gesi. Nilipomwambia, "Mama, na wewe keti siku moja, nitawasha mimi," alinijibu kwamba yeye mahubiri ameshayasikia Jumamosi, Mchungaji akijizoeza chumbani.

Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa wa watu anaowapenda. Wageni aliwachekea. Mimi alinifokea tangu siku ile ya viazi. Mara ya kwanza nilipomwamkia "Shikamoo, Mama," alirudi hatua nyuma akatazama miguu yake. "Unashika nini?" Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo tunavyowaheshimu wakubwa na kwamba jibu lake ni marahaba. Alilipenda neno hilo hata akaanza kulitumia ovyo. Ukimpa kisu, marahaba. Ukipiga chafya, marahaba. Wakongo wenzake walidhani ni Kizulu.

Alichukia kutupa chakula, lakini alikuwa tayari kuirudisha trei nzima jikoni kwa sababu ya vipande vitatu vilivyolowa. Aliomba kwa sauti kubwa kwa ajili ya kila mtu, viza zao, watoto wao, waume zao walioachishwa kazi, lakini ukimwuliza na yeye tumwombee nini, alisema, "Mimi niko sawa." Hakuwa na mtoto. Wanawake walilinong'ona hilo nyuma ya milango, na nadhani alijua, maana alikuwa na namna ya kuingia chumbani akikohoa kwanza.

Nilipojifungua mwanangu sikuwa na ndugu Johannesburg nzima. Baba yake alikuwa ameshahama mji. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Yeoville, nimelala na kitoto cha siku nne, maziwa yanauma, na nje baridi ya Juni. Mama Mchungaji alikuja kwa miguu amebeba mifuko sita ya viazi vilivyogandishwa ndani ya taulo. Nikashangaa hakuleta chakula kilichopikwa kama watu wanavyofanya.

"Chakula ya kupikwa inapoa njiani," akasema, "na mtu akiipokea anajisikia masikini. Hii utapika mwenyewe, kwa sufuria yako, saa yenye unataka. Usingoje iyeyuke. Unatia kwa mafuta vile vile."

Akavipanga kwenye kisanduku cha juu cha friji yangu ndogo, akaketi kitandani, akakunja nguo zote za mtoto, moja moja, hadi soksi. Alipomaliza akampapasa mtoto kichwani kwa kidole kimoja, kile kile alichopimia viazi, akaondoka. Kwa wiki mbili nilikula viazi hivyo. Sikuwahi kumshukuru ipasavyo.

Kuna wakati nyaya za umeme za mtaa wao ziliibwa, giza likakaa siku nne. Siku ya pili alitumbukiza mkono ndani ya friza, akautoa, akautazama. Halafu akatupigia simu tuje na masufuria. Akatoa jiko la mkaa, akaliita mbabula kama wanavyoliita kwao, na bibi mmoja Mzulu wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ukuta akicheka, kwa sababu kwao nalo ni karibu neno hilo hilo. Walikuwa wamekaa wakipakana miaka na hawajawahi kuongea. Siku hiyo bibi yule alileta mbabula yake, Wanaijeria wa vyumba vya nyuma wakaleta mafuta, mimi nikaleta chumvi, na tulipika kila kitu kilichokuwemo. Mtaa mzima ulikula barabarani, watoto wamekaa ukingoni mwa lami na karatasi za gazeti zinazotiririka mafuta.

Yeye alisimama kando na kikombe cha chai na kipande cha mkate.

"Mama, wewe huli?"

"Minakula na macho."

Jioni hiyo nilikuwa nimeshafika kwenye kona nikakumbuka nimeacha mwavuli. Nikarudi. Baraza ilikuwa wazi. Mama Mchungaji alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa friza, mikono mapajani, miguu haigusi chini. Mchungaji hakuwapo, alikuwa na safari nyingi, semina huku, matawi kule. Nilitaka kupita nichukue mwavuli kimya kimya, akaniona.

"Leo amenyamaza," akasema, akiipigapiga friza kwa kiganja. "Kila siku anangurumaga. Nyumba ikikuwa na watu simusikii. Batu bakienda njo ninamusikia." Kisha akacheka, akasema friza ingekuwa mtu, ingekuwa mwanamume, maana inanguruma na kula umeme. Nikacheka pia. Nikachukua mwavuli wangu nikaenda. Ningeweza kukaa. Mtoto alikuwa kwa jirani na hakuna kilichonikimbiza.

Sasa nisimulie la kwangu, kwa sababu bila hilo nitakuwa nimechora nusu ya picha.

Mimi ni msusi. Saluni ninayofanyia kazi iko mtaa wa Rockey, viti vitatu na kioo kimoja kirefu. Mtu anayesukwa nywele ndogo ndogo anakaa saa sita, saba, na katika saa saba mtu husema mambo. Sheria yetu ni kwamba yanayosemwa kwenye kiti yanabaki na nywele zilizofagiliwa. Kulikuwa na dada mmoja wa kwaya yetu, sauti nzuri, mpole, mteja wangu wa kila mwezi. Siku moja, nimefika nusu ya kichwa, akaniambia anahamia Durban. Nyumba imeshapangwa. Aliyeipanga ni Mchungaji, naye atamfuata, atasema anakwenda kufungua tawi.

Vidole vyangu viliendelea kusuka. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikasema, "Mimi nitamwambia nani?"

Ijumaa iliyofuata nilikuwa barazani kama kawaida, mimi kwenye sufuria, yeye kwenye beseni la barafu. Wengine walichelewa; tulikuwa wawili tu kwa karibu saa nzima. Ilikuwa nafasi ambayo mtu angeiomba. Nilimtazama akikunja mikono ya sweta lake, vidole vyekundu kwa baridi, nikajiambia hainihusu. Nikajiambia ndoa ni ya wawili. Nikajiambia Mungu mwenyewe atamfunulia, kwani yeye anaomba kuliko sisi sote.

"Kigoma, leo umenyamaza."

"Nimechoka tu, Mama."

"Basi keti. Dakika mbili. Nitahesabu mimi."

Mchungaji aliaga kanisa mwezi wa tatu, kwa maombi na kuwekewa mikono. Miezi miwili, alisema. Mama Mchungaji alibaki akaanza kutengeneza kitu ambacho hatukuwa tumekiona kabla: viazi vya kuponda na siagi na maziwa, akavifinyanga mabonge makubwa kama ngumi, akavigandisha kwenye trei, akavitia kwenye mifuko yao peke yake. Mumewe hakupenda vya kukaanga, tumbo lilimsumbua. "Anaweza kufika saa yoyote," alisema. "Nitapasha moto tu." Miezi miwili ikapita. Upande wa kulia wa friza ukawa mabonge matupu. Wa tatu ukapita. Tulipoinama kuweka viazi vya Jumapili tulilazimika kuvibana kwenye kona. Mimi ndiye niliyejua, na mimi ndiye niliyebana kwa nguvu kuliko wote.

Barua ya Mchungaji ya kujiuzulu ilifika kwa wazee wa kanisa. Hawakumwita Mama Mchungaji pembeni wala hawakwenda nyumbani kwake. Ilisomwa Jumapili madhabahuni, na mzee aliyeisoma alikuwa ameshafika kwenye maneno "mwenzangu mpya katika huduma" ndipo akakumbuka kuinua macho na kutazama kiti cha mbele. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa amenyanyuka, amejifunga kitenge, amepita ukutani. Wanawake wawili wakatoka kumfuata na mimi nikawafuata hao. Tulimkuta nyuma anawasha gesi.

"Mama..." mmoja akaanza.

"Watu batatoka na njaa," akasema. "Leteni sahani."

Siku hiyo chakula kilitoka kwa wakati kama siku zote, chumvi sawasawa, na watu walikula wakitazama sahani zao.

Baada ya wiki kadhaa akaja mchungaji mpya kutoka Pretoria, kijana, na mkewe anayevaa viatu virefu. Sasa tukawa na Mama Mchungaji mwingine. Watu hawakujua wamwite nini yule wa kwanza. Wengine walisema Mama Mchungaji wa zamani. Halafu, kwa sababu jina hilo ni refu, wakasema Mama wa Zamani. Watoto ndio walioanza, nadhani, wala hawakuwa na nia mbaya. Nilimwona siku alipolisikia. Alikuwa anapangusa meza; akapangusa mahali pale pale muda mrefu.

Kisha wazee wakaamua friza ihamie kwa mchungaji mpya, kwa kuwa ni mali ya kanisa. Hawakukosea; ilikuwa mali ya kanisa. Walikwenda wazee watatu na pikapu, na mimi nikaenda nao kama katibu wa idara ya wanawake, na daftari, niandike kilichochukuliwa. Ningeweza kukataa. Nilisema moyoni ni afadhali awepo mwanamke.

Alitukaribisha. Alikuwa ameshaizima friza tangu asubuhi na kutoa vyote vilivyokuwemo. Mifuko ilikuwa imepangwa sakafuni juu ya mablanketi, imefunikwa kwa mablanketi mengine. Alikuwa ameisafisha ndani kwa siki. Ilinukia usafi. Wazee wakainua, wakahema, wakaitoa mlangoni kiubavu. Barazani pakabaki alama ya mstatili kwenye mbao, mahali ambapo rangi haikuwa imefifia.

Mmoja wa wazee akakohoa. "Na viazi, Mama... navyo vilinunuliwa na kanisa."

Nilitazama daftari langu. Yeye akainama, akafunua blanketi, akaanza kupakia mifuko mikononi mwao mwenyewe.

"Bebeni haraka. Birudie kwa baridi leo leo. Na mumwambie mama yule asiyeyushe kwanza. Anatia kwa mafuta vile vile viko. Kigoma, andika hiyo. Umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

"Soma."

Nikasoma. Akaitikia kwa kichwa. Mabonge ya viazi vya kuponda hakuyatoa, na hakuna aliyeyauliza. Sijui aliyafanya nini.

Maagizo nilimpelekea mke wa mchungaji mpya, kwa maneno yale yale. Lakini yeye aliona aibu kutia barafu kwenye mafuta, akayeyusha viazi vyote Jumamosi kwenye karai. Jumapili tulikula uji wa kijivu, na vijana wa malindo waliacha sahani mlangoni.

Kodi ya vile vyumba ilikuwa inalipwa na kanisa, na kanisa likaacha. Mwezi uliofuata hakuwapo Bellevue. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyemuaga. Tulisema amerudi Bukavu. Mwingine akasema amemfuata kaka yake Lusaka. Niliamini yote mawili kwa zamu. Kisha, mchana mmoja, nikamwona kwenye robot ya Rockey, taa za barabarani, anangoja kuvuka, amebeba begi la mgongoni kama mwanafunzi. Nilikuwa upande wa pili. Taa iliwaka kijani, akaanza kuja, na mimi nikaingia duka la simu nikasimama nikitazama chaja mpaka nilipohakikisha amepita.

Miaka ilipita hivyo. Niliacha lile kanisa, nikahamia lingine, nikaacha na hilo. Mwanangu amekua, Kiswahili anakisikia, akijibu anajibu kwa Kiingereza, na Jumapili ana marafiki zake. Nilianza kuijua nyumba inavyokuwa watu wakishaondoka.

Mwaka jana mteja wangu mmoja, Mkenya mwenye watoto wawili wadogo, alikuwa akisifia shule ya chekechea wanayosoma kule Bezuidenhout Valley. Akasema wana mpishi Mkongo, watoto wanamwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, na kwamba mama yule amewafundisha wasaidizi wake kuandaa viazi vya wiki nzima Jumatatu na kuvigandisha, na ole wake asiyevikausha. Akataja jina lake. Jina halikuniambia kitu. Nikauliza anapimaje kama vimekauka. Akacheka, "Wewe umejuaje? Anagusa kimoja kimoja kwa kidole." Nikaomba aniulizie anakokaa.

Ilikuwa Troyeville, chumba cha uani nyuma ya nyumba yenye ukuta uliopasuka. Nilikwenda Jumapili alasiri. Nilibisha hodi nikasikia akikohoa kabla ya kufungua.

Alikuwa amepungua. Nywele, ambazo zamani zilikuwa kilembani daima, zilikuwa wazi, nyeupe, zimekatwa fupi. Alinitazama kwa muda.

"Shikamoo, Mama."

"Kigoma," akasema. Hakusema marahaba. "Ingia. Funga, baridi."

Chumba kilikuwa kitanda, meza, viti viwili, jiko la umeme la sahani mbili, na friji ndogo yenye kisanduku cha barafu juu, cha kutosha mifuko mitatu, minne. Alikuwa anamenya viazi. Nikaomba kisu, akanipa. Tukamenya. Aliniuliza habari za mtoto, nikamwambia. Nilimwuliza habari za kazi, akasema watoto wadogo ni wazuri, hawana maneno. Alisema siku za kazi zinakwenda upesi, ila Jumapili ni ndefu. Hakuwa na kanisa. "Ninasikiaka redio," alisema.

Nilijua nisipolisema wakati huo sitalisema. Nikalisema nikitazama kisu.

"Mama, mimi nilijua. Yule dada wa kwaya nilimsuka mimi. Aliniambia mwezi mzima kabla Mchungaji hajaondoka. Ile Ijumaa tulipokuwa wawili barazani, nilikuwa najua."

Maganda yakakatika mkononi mwake. Akaweka kiazi mezani. Nilisubiri anifukuze. Nje mtu alikuwa anafua, nikasikia maji yakimwagwa mara mbili.

"Mwezi muzima," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mabonge yale uliyaona."

"Niliyaona."

Akayakusanya maganda mezani. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayepanga kazi ya Ijumaa.

"Ungeniambia, ningekukasirikia. Mwezi moja. Labda miezi mbili, mi najijua. Nisingekupokea hapa kwangu." Akakichukua kiazi, akakigeuza. "Kisha ningekuwa na mtu."

Nilianza kulia, na hakunibembeleza. Alimenya hadi mwisho, akasuuza, akaweka sufuria jikoni. Maji yalipochemka alihesabu dakika zake kwa simu. Nilipopangusa uso, nikasema nitakuja tena, nije Jumamosi?

"Jumamosi niko na kazi."

"Jumapili?"

"Jumapili hapana." Aliutazama mlango. "Jumanne ninamaliza mapema. Kuya kama unataka kuya. Usikuye juu ya huruma."

Nilikwenda Jumanne. Niliomba ruhusa saluni, nikafika saa nane mchana, nikakuta kufuli. Nikakaa kwenye ngazi ya simenti. Ulikuwa mwezi wa sita, jua la Johannesburg linawaka bila kupasha joto, na kivuli cha ukuta kikanifikia upesi. Mama mmoja wa chumba cha pili aliniuliza ninamngoja nani, nikamwonyesha mlango. Akauliza mimi ni nani wake. Nikasema ninangoja tu.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja, jua likishuka nyuma ya maghala, geti likalia. Alikuwa amevaa koti juu ya aproni, kilemba kichwani, mfuko mzito wa viazi mkono wa kulia. Aliponiona akasimama pale pale getini, na nikadhani atageuka.

"Kumbe ulikuya," akasema.

"Nimekuja, Mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nane."

Akanisogelea, akatazama vidole vyangu vilivyokufa ganzi. Akanipa mfuko nimshikie, akaanza kutafuta ufunguo.